Kitabu Ndani ya Leso

Jirani yangu alinijia baada ya swala ya alasiri, saa ambayo malori ya Nairobi yameshaanza kujipanga barabarani na vumbi la Miritini limepanda hadi kwenye makuti ya minazi. Alikuwa na kitu amekifunga ndani ya leso, mafundo mawili. Akaketi barazani, akashusha pumzi, akafungua fundo la kwanza; la pili likamsumbua, akalifungua kwa meno. Akatoa kitabu, akakiweka baina yetu, jalada likiangalia chini.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nakuheshimu, na mwanangu ni wewe uliyemfunza kusoma. Lakini hiki sikitaki nyumbani kwangu.”

Ilikuwa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, nakala yangu ya Kenya Literature Bureau niliyoinunua miaka mingi nyuma kwa muuza vitabu vya mtumba mjini. Binti yake, aliye kidato cha pili, aliiazima kutoka kabati langu.

Wanaonijua wanalijua kabati hilo. Zamani lilikuwa la vyombo. Nilipostaafu ualimu mwaka 2021 niliondoa sahani na bilauri nikapanga vitabu, nikalisogeza barazani, nikaweka daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mtoto huandika jina lake, jina la kitabu na siku aliyokichukua. Hakuna malipo. Tangu mwanzo nilijua itafika siku mzazi atakuja na kitabu mkononi, na jibu nilikuwa nimeshalitayarisha. Ningemuuliza kama amekisoma, angesema hapana, nami ningemwambia kwamba hakimu hatoi hukumu ya kesi ambayo hakuisikiliza.

“Umeisoma, dadangu?”

“Nimeisoma yote. Jana usiku, mpaka adhana ya alfajiri. Ndiyo sababu nimekuja.”

Jibu langu likaniishia kinywani. Tangu siku ile, wiki tatu sasa, nimekuwa nikilitafuta jingine, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, alikuwa hajatimiza miaka 30. Ni habari za msichana anayelelewa na baba mlevi anayedhani fimbo ndiyo malezi. Msichana anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo ile, hakuna kitu ndani yake cha kumshika, na mwisho wake ni kujitoa uhai. Wakuu wa elimu Tanzania waliona haiwafai vijana, ikakatazwa mashuleni. Baadaye katazo likaondoka, na leo huwezi kusimulia historia ya riwaya ya Kiswahili ukairuka. Lakini kwa mama mwenye binti wa miaka 15, historia ya riwaya si hoja. Yeye ana mtoto mmoja wa kike, na usiku mmoja wa kuamua.

Mimi nami nilikuwa mtoto katika nyumba iliyokuwa na karatasi za hatari.

Baba yangu alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Alisoma chuoni, akajua kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kabla hajazijua za Kizungu. Alitufunza kwamba karatasi iliyoandikwa haikanyagwi. Ukiiona njiani, iokote, huenda ina jina la Mungu. Ichomeke ukutani au juu ya mti. Msahafu ukichakaa, kurasa zake hazitupwi, huzikwa mahali pasipopitwa na miguu. Nilimwona mara mbili akichimba shimo la namna hiyo nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, akiwa na udhu.

Mara ya tatu ilikuwa usiku, na nilikuwa na miaka saba. Mwaka ule wa 1968, kijana wa Kimvita mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Ulihoji serikali ya KANU kwa namna ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Ulipita mikono kwa mikono hapa Mombasa, nyumba hadi nyumba. Baba aliletewa nakala na mwenzake wa bandarini, wakausoma kwa taa ya koroboi, sauti chini, mlango umekomewa. Mwandishi aliposhikwa, baba aliutia ule waraka ndani ya mkebe wa Kimbo akauzika chini ya mkorosho uleule. Sikumbuki kama alitia udhu. Nakumbuka alipoingia ndani hakunawa mikono, alikaa tu kitandani na udongo kuchani.

Mwaka 1969 Abdilatif alifungwa miaka mitatu. Gerezani, kwa kuibia, aliandika mashairi kwenye karatasi za msalani. Alitoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata Oxford University Press ikayachapisha kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Nimewafundisha watoto wengi mambo ya ushairi, na kila nilipofika kwa Abdilatif niliuona ule udongo kuchani mwa baba.

Mkorosho ulikatwa baada ya baba kufariki, tulipoongeza chumba. Mkebe ulitoka umeoza. Ndani mlikuwa na tope jeusi na pini mbili zenye kutu zilizoshika kurasa. Ndiyo yaliyobaki.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kuambiwa kwamba kukataza kitabu ni jambo dogo. Hata hivyo jirani yangu hakuwa serikali. Hapo ndipo swali langu linapoanzia: kuna tofauti gani baina ya mama anayekifunga kitabu katika leso na dola inayomtia mtu ndani kwa sababu ya kurasa zake? Au hakuna tofauti, isipokuwa ukubwa wa mkono?

Nililipeleka swali kwa ustadhi mmoja wa mtaani kwetu, mtu mwenye elimu na adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha mambo mawili. La kwanza, Sayyidna Uthman bin Affan, khalifa wa tatu, aliamuru nakala za Qurani zilizohitilafiana na ule msahafu uliokusanywa zichomwe moto. La pili, sumu haiwekwi mezani mbele ya watoto, na maneno nayo yana sumu.

Kuhusu la kwanza nilimjibu palepale. Sayyidna Uthman hakuchoma ili watu wasisome. Aliandikisha nakala, akazipeleka kwenye miji mikubwa, watu wote wasome kisomo kimoja wasije wakagombana. Anayechoma leo hatumi nakala popote. Ustadhi alinyamaza kidogo, akasema hilo ni jibu.

La sumu lilinichukua siku nyingi zaidi.

Kila Ramadhani, katika darsa nyingi za pwani hii, husomwa Ihya Ulumiddin ya Imamu Ghazali. Wanawake wa umri wangu tumekua nayo. Tumelia kwa milango yake ya toba na ya mauti. Sasa, kitabu hiki tunachokinyamazia kimya kama tuko msikitini kilichomwa moto hadharani huko Cordoba, Andalusia, mwaka 1109, Ghazali mwenyewe akiwa bado hai. Waliokichoma hawakuwa makafiri. Walikuwa mafakihi na makadhi, watu wa swala na saumu, chini ya utawala wa Murabitun, na walikuwa na yakini kwamba wanailinda dini ya watu wasiojua. Karne hiyohiyo ilipokaribia kwisha, huko huko Andalusia, vikachomwa vitabu vya Ibn Rushd, naye alikuwa kadhi na mwana wa kadhi.

Nilipoyajua haya nilikuwa mtu mzima, na yalinitikisa kuliko habari za polisi wowote. Polisi walipopita madukani mwaka 1987 kukusanya Matigari, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kila mtu alijua wanamtumikia nani. Lakini wale makadhi wa Cordoba walikuwa wanamtumikia Mungu, kwa nia yao. Kwa nia njema kabisa walichoma kitabu ambacho umma mzima ungekuja kukililia. Kama wao, pamoja na elimu ile, walikosea, mimi na jirani yangu tutajuaje kwamba sisi hatukosei?

Ghazali naye si shahidi mwepesi upande wangu, na lazima niseme, maana kumficha itakuwa kufanya lilelile ninalolipinga. Yeye alivisoma kwanza vitabu vya wanafalsafa, akaandika kitabu kizima cha kueleza wanachosema, ndipo akaandika cha kuwajibu. Lakini katika simulizi ya maisha yake anasema watu wa kawaida wazuiliwe vitabu hivyo, kama asiyejua kuogelea anavyozuiliwa asisogee ukingoni penye utelezi.

Mfano huo nimeishi nao wiki hizi tatu. Sisi watu wa Miritini na Jomvu tuna mkono wa bahari hapa chini, kwenye mikoko. Kila mzazi wa hapa amewahi kumkataza mtoto asiende huko peke yake, na kila mzazi alikuwa na haki. Ndugu yangu mkubwa alizuiliwa mpaka alipofika miaka minane. Siku hiyo ami yetu alimchukua, akamfunga madumu mawili matupu ya mafuta kifuani, akaingia naye majini, akamshika tumbo kwa kiganja. Kiganja kile kilikaa pale asubuhi nyingi. Kisha siku moja hakikuwapo, na ndugu yangu hakujua mpaka alipogeuka akamwona ami amesimama mbali, maji yamemfika kiunoni.

Marufuku niliyoiwekea kinyongo maishani mwangu si ile ya ami. Ami alikataza ili afunze, na alilowa pamoja na mtoto. Marufuku ninayoikataa ni ile isiyo na siku ya mwisho: mtu anakuzuia ukingo wa maji ukiwa na miaka minane, na ukiwa na thelathini, na ukiwa na sitini bado anakuambia utazama, wala hajawahi kuingia majini pamoja nawe hata mara moja. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu ina mahali ambapo Waziri amepewa uwezo wa kukitangaza kitabu kuwa marufuku katika Gazeti Rasmi la serikali. Kijitabu cha nukuu za Mao kilipigwa marufuku hapa Kenya. Waliozuiwa walikuwa watu wazima, wenye kura na kodi na wajukuu.

Na hapa ni lazima nifike mahali panaponiuma. Kitabu cha Salman Rushdie, The Satanic Verses, kilipigwa marufuku Kenya, na Tanzania pia. Nilifurahi. Nilikuwa mwalimu kijana, nikaona serikali angalau mara moja imetuheshimu sisi Waislamu. Sijakisoma kitabu hicho, na sina haja ya kukisoma. Niliyoyasikia kukihusu yanatosha kuniumiza moyo. Lakini furaha yangu ile naiona leo ilikuwa na kasoro. Mimi kuacha kukisoma kungekuwa ibada, kama ningeachiwa niache mwenyewe. Aliyezuiwa hakuacha kitu. Ni kama mtu aliyefunga saumu kwa sababu nyumbani hamna chakula: njaa anayo, thawabu yake ni swali jingine. Mwaka 2022 mwandishi huyo alichomwa kisu jukwaani huko Marekani, akapoteza jicho moja. Hilo sikulifurahia, wala sijui Mwislamu anayemjua Mtume wake anawezaje kulifurahia.

Tena tuna mfano wetu wenyewe wa namna ya kukijibu kitabu usichokubaliana nacho. Tafsiri ya kwanza ya Qurani yote kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeiandika alikuwa padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, akiwa Zanzibar. Ya pili ilitoka Nairobi mwaka 1953, kwa juhudi za Maahmadia. Masheikh wetu hawakuridhika hata kidogo na moja wala nyingine. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alifanya nini? Aliketi akaandika. Alikaa na kazi hiyo miaka na miaka, mpaka tafsiri yake ikakamilika mwaka 1969, na ndiyo iliyoko katika nyumba nyingi za pwani leo, pamoja na yangu. Na kabla yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, hapahapa Mombasa, alipoona watu wanapotea kwa kutojua, mwaka 1932 alianzisha gazeti, Al-Islah, akaandika kwa Kiswahili ili hata kuli asome. Baba yangu alikuwa kuli.

Dini yenyewe, ninavyoifahamu mimi niliyesomea chuoni juu ya mkeka, inaanza kwa kusoma. Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume pangoni lilikuwa ni amri ya kusoma, naye hakuwa amejua kusoma. Na tumefunzwa kwamba Siku ya Hisabu amri hiyo itarudi tena: kila mtu atapewa kitabu chake mwenyewe, aambiwe akisome. Hapatakuwa na waziri wa kumsomea, wala mwalimu, wala mama. Baina ya amri ile ya kwanza na hii ya mwisho ndipo yalipo maisha yetu, na ninaamini kwa moyo wote kwamba ni muda wa mazoezi. Mtu aliyechaguliwa kila ukurasa tangu utotoni hadi kaburini, siku ile ataanzia wapi?

Kwa sababu hiyo sikuweza kumwambia jirani yangu kwamba hana haki. Ana haki ya ami. Mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Adolf Mkenda, alipovipiga marufuku mashuleni vitabu kadhaa vya watoto, pamoja na vile vya Diary of a Wimpy Kid, nilisikia walimu wenzangu wakisema ni sawasawa, wengine wakisema ni udhalimu. Mimi niliuliza jambo moja tu: baada ya vitabu kutolewa, nani alikaa na watoto wale akasoma nao vingine? Shule ikichagua kitabu cha kufundishia, inafanya kazi yake. Ikitoa kitabu na kuacha rafu tupu, imemtoa mtoto majini na kumwacha hajui kuogelea vilevile.

Yote hayo sikuyasema siku ile barazani. Nilichofanya ni kukigeuza kitabu, jalada likaangalia juu.

“Dadangu, niambie kweli. Ni ukurasa gani uliokuudhi?”

Aliangalia barabarani. Honi ya gari la moshi ilisikika kutoka upande wa stesheni. Akaishika leso akaikunja mara nne, akaikunjua.

“Si ukurasa,” akasema. “Ni yule baba. Mwanangu akimaliza kitabu hiki atamjua babake.”

Miaka 31 nimefundisha, na sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kukieleza kitabu kwa maneno machache namna ile. Alikuwa amekisoma kuliko nilivyokisoma mimi. Kilichomtia hofu ni ukweli wa kitabu, ambao ulishakuwa nyumbani kwake kabla ya kitabu kuingia, na ambao binti, nina hakika, ameshaujua siku nyingi bila ya kuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Nilimwambia, “Basi asikimalize peke yake.”

Hatukusema zaidi. Nilileta chai, tukanywa. Wakati wa magharibi alisimama, akakitia kitabu ndani ya leso, safari hii bila fundo. Kabla hajashuka barazani alilivuta daftari, akaandika jina lake mwenyewe chini ya jina la binti yake, kitabu kilekile, na tarehe ya siku ile. Hati yake ni nzuri, ya mtu aliyeacha shule mapema bila kupenda.

Binti amenipitia juzi akitoka shule. Ameniambia wanasoma pamoja baada ya isha, babake akiwa zamu ya usiku, na kwamba mama ndiye anayesoma kwa sauti. Kitabu hakijarudi, na sijakiulizia. Lakini katika daftari kuna majina ya watoto wengine watatu wanaokisubiri, na nakala niliyo nayo ni hiyo moja. Mwenye nyingine aniletee, Miritini, nipo barazani kila siku baada ya alasiri.